Lisini katika kazi za protini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa biokemia, muuguzi, bwana shamba na yeyote aliyewahi kuambiwa kwamba mahindi "hayana lisini ya kutosha" akabaki akijiuliza maana yake. Maswali mengi kuhusu lisini, yawe ya maabara au ya jikoni, yanarudi kwenye sehemu moja ndogo ya molekuli yake, na ndiyo maana majibu yanaanzia hapo.

Lisini ni nini, na kwa nini inaitwa asidi ilhali ina tabia ya besi?

Lisini ni mojawapo ya asidi amino 20 ambazo seli huzitumia kujenga protini. Ilitambuliwa mwaka 1889 na mkemia Mjerumani Edmund Drechsel, aliyeipata alipokuwa akiivunjavunja kaseini, protini kuu ya maziwa. Kama ndugu zake wote, ina kundi la asidi na kundi la amino, na jina la ukoo limetokana na hayo mawili. Lakini asidi amino zinapoungana kuwa mnyororo wa protini, makundi hayo hutumika kushikana moja na jingine, na baada ya hapo hayana tena uhuru wa kufanya jambo lolote. Kinachobaki wazi ni mkono wa pembeni. Katika lisini mkono huo ni mrefu na unanyumbulika: kaboni nne zilizofuatana, na kwenye ncha kundi la pili la amino lenye naitrojeni.

Naitrojeni hiyo hushika protoni na haiiachi kwa urahisi. Ili nusu ya lisini zote ziachie protoni zao, pH inapaswa kufika karibu 10.5, wakati damu ya binadamu iko kwenye 7.4. Kwa maneno mengine, ndani ya mwili lisini ambazo hazina chaji wakati wowote ule hazifiki hata moja katika elfu. Zilizobaki zote zina chaji chanya kwenye ncha ya mkono. Hapo ndipo tabia ya besi inapotokea.

Chaji hiyo inasaidiaje protini kushika umbo lake?

Protini inapojikunja, sehemu zake zenye asili ya mafuta hujificha ndani, na zile zenye chaji hubaki nje zikigusana na maji. Kwa hiyo lisini nyingi huonekana juu ya uso wa protini, ambako huisaidia kuyeyuka badala ya kugandamana na wenzake. Pale inapokaribiana na aspartati au glutamati, asidi amino ambazo zina chaji hasi, mvutano kati yao huwa kama kifungo kinachozuia mikunjo isifunguke. Lisini ikikutwa imezikwa ndani kabisa ya protini, mbali na maji, mtafiti huanza kuishuku mara moja, kwa sababu kwa kawaida imewekwa huko kufanya kazi maalumu.

Nguvu ya mvutano huu inaonekana kwa macho katika maabara ya histolojia. Vioo vya hadubini hupakwa minyororo ya lisini tupu kabla ya kuwekewa vipande vyembamba vya tishu, kwa kuwa kioo na uso wa seli vyote vina chaji hasi, na lisini iliyo katikati huvishika vyote viwili. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliwahi kutumia boksi la vioo visivyopakwa, nikidhani vyote ni sawa. Nilipoviinua kutoka kwenye beseni la rangi, vioo vilikuwa vitupu na vipande vya tishu vilikuwa vikielea juu kama maganda ya vitunguu. Asubuhi nzima ya kukata vipande ilipotea, lakini tangu siku hiyo sijawahi kuhitaji kukumbushwa chaji ya lisini ni ipi.

Kwa nini protini zinazokunja DNA zimejaa lisini?

DNA iliyomo katika seli moja ya binadamu ingenyooshwa ingefikia takriban mita 2, na inatakiwa ienee ndani ya kiini ambacho upana wake ni sehemu ndogo tu ya milimita. Inawezekana kwa sababu DNA huzungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, nane kwa kila fungu, na kila fungu huzungukwa na jozi zipatazo 147 za herufi za kinasaba. Uti wa DNA una fosfati, na fosfati zina chaji hasi. Histoni zimejaa lisini na arginini, ambazo zina chaji chanya. Vitu hivyo viwili hushikana vyenyewe, wala havihitaji gundi nyingine.

Tatizo ni kwamba DNA iliyokazwa sana haisomeki. Jeni ikihitajika, lazima mahali pake palegezwe, na hapa lisini inaonyesha ubora wake mwingine: ncha ya mkono wake inaweza kubadilishwa na kurudishwa. Kimeng'enya fulani huibandika kundi dogo la asetili, chaji chanya ikatoweka, mshiko ukalegea, na jeni ikapata nafasi ya kusomwa. Kimeng'enya kingine huling'oa kundi hilo, na mambo yakarudi kama yalivyokuwa. Vincent Allfrey na wenzake waliripoti uhusiano huu kati ya asetili na usomaji wa jeni mwaka 1964, na ilichukua muda mrefu kabla ya wanasayansi wengi kuupa uzito unaostahili.

Kundi la methili ni habari nyingine. Lisini moja inaweza kubeba methili moja, mbili au tatu, na chaji yake isiondoke. Hapa kinachobadilika ni ishara, mshiko wenyewe haulegei: kuna protini zinazoitambua methili hiyo na kuitafsiri, na tafsiri yake inategemea lisini ni ya ngapi katika mnyororo. Kwenye histoni ya H3, methili tatu katika lisini ya 4 huambatana na jeni zinazofanya kazi, ilhali methili tatu katika lisini ya 9 au ya 27 huambatana na jeni zilizonyamazishwa. Seli ya ini na seli ya ngozi zina DNA ileile; tofauti yao imehifadhiwa kwa kiasi kikubwa katika alama za namna hii. Ndiyo sababu pia dawa zinazozuia vimeng'enya vya kung'oa asetili, mfano vorinostat iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, hutumika kutibu baadhi ya saratani.

Nini hutokea lisini ikikaa mahali isipostahili?

Mfano mzuri kuliko yote umo ndani ya damu. Katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta wa hemoglobini ya kawaida kuna glutamati. Mtu mwenye selimundu ana valini mahali hapo, na wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanalifahamu jina la ugonjwa huo kuliko wanavyofahamu chanzo chake. Lakini katika Afrika Magharibi, hasa Burkina Faso na kaskazini mwa Ghana, kuna watu wengi ambao nafasi hiyohiyo ya 6 imechukuliwa na lisini. Hemoglobini yao huitwa hemoglobini C.

Mahali ni pamoja, ila matokeo hayafanani. Valini, yenye asili ya mafuta, huzifanya hemoglobini zinate moja kwa nyingine hadi kuwa nyuzi ndefu zinazoipinda chembe nyekundu ya damu pale oksijeni inapopungua. Lisini haileti nyuzi hizo. Aliyeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili kwa kawaida hupata upungufu wa damu usio mkali, na ndani ya chembe zake huweza kuonekana fuwele. Hata hivyo, aliyerithi valini kwa mzazi mmoja na lisini kwa mwingine huugua selimundu ya kweli, jambo ambalo mshauri wa wachumba hapaswi kulisahau kwa kudhani kwamba hemoglobini C ni salama daima. Kama ilivyo kwa selimundu, mabadiliko haya yameenea kwa sababu yanampa mtu kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Maabara huzitofautisha kwa umeme, na hapo chaji inajieleza yenyewe. Sampuli huwekwa kwenye ukanda wenye pH ya juu na kuachwa ielekee upande chanya. Hemoglobini ya kawaida hutangulia. Ile ya selimundu, iliyopoteza chaji hasi moja katika kila mnyororo wa beta, hubaki nyuma kidogo. Hemoglobini C imepoteza chaji hasi na juu yake imeongezewa chaji chanya, kwa hiyo huburuta mkia kabisa. Anayetazama ukanda huo anaona mistari mitatu iliyopishana kwa nafasi zinazokaribiana, na kila nafasi ni thamani ya chaji moja.

Vimeng'enya huitumiaje lisini?

Hutumia ncha ileile kama ndoana. Pale lisini inapoachia protoni yake kwa muda, jambo linalowezekana ndani ya mfuko wa kimeng'enya ambamo mazingira hayafanani na ya nje, naitrojeni yake huweza kuungana na kaboni ya molekuli nyingine na kuishikilia hadi kazi iishe. Vimeng'enya vinavyohamisha makundi ya amino, ambavyo vipimo vya ini huvipima kila siku hospitalini, huishika vitamini B6 kwa namna hii. Vitamini iitwayo biotini pia hufungwa kwenye lisini, na mkono mrefu wa lisini huiwezesha kuyumba kutoka upande mmoja wa kimeng'enya hadi mwingine ikibeba kaboni dioksidi.

Macho yako yanaposoma maneno haya yanategemea jambo hilohilo. Retinali, inayotokana na vitamini A, imefungwa kwenye lisini ya 296 ya protini iitwayo rodopsini, katika seli za jicho zinazotuwezesha kuona gizani. Protini za kuona rangi nazo huishika kwenye lisini yao. Mwanga ukiipiga, retinali hujinyoosha, protini nzima ikabadilika umbo, na ujumbe ukaelekea kwenye ubongo. Asiyepata vitamini A ya kutosha huanza kwa kushindwa kuona jioni: lisini ipo, lakini haina cha kushika.

Katika majani ya mimea, rubisco, yaani kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi kutoka hewani, hakianzi kazi mpaka lisini yake ya 201 ishike kaboni dioksidi moja kwanza. Na hiyo ya kwanza haigeuzwi kuwa sukari. Inakaa pale kama ufunguo mlangoni. Sijui mwanafunzi ambaye hakulisoma hili mara mbili.

Nimesikia kwamba lisini hutumika kuhukumu protini zipi zivunjwe. Ni kweli?

Ni kweli, ingawa lisini ndiyo mahali hukumu inapobandikwa, siyo hakimu. Protini iliyochakaa, iliyokunjwa vibaya au iliyokwisha kazi hufungiwa kwenye lisini yake protini ndogo yenye asidi amino 76, iitwayo ubikuitini. Ubikuitini yenyewe ina lisini saba, na kila moja inaweza kupokea ubikuitini nyingine, kwa hiyo hujengeka mnyororo. Mnyororo uliopitia lisini ya 48 humaanisha "peleka ikavunjwe", na protini hiyo huingizwa kwenye pipa la kuvunjia liitwalo proteasomu. Mnyororo uliopitia lisini ya 63 hauna maana hiyo; huita mafundi wa kurekebisha DNA au kupitisha ishara za kinga. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kugundua mfumo huu.

Kiseyeye kinahusianaje na lisini?

Kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, mifupa, fizi na mishipa, ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa. Ili kamba iwe imara, baadhi ya prolini na lisini zake huongezewa kundi la haidroksili, na vimeng'enya vinavyofanya hivyo haviendelei bila vitamini C, ambayo upungufu wake ndio huleta kiseyeye. Madhara makubwa ya kiseyeye yanatokana zaidi na prolini, kwani bila haidroksili yake msokoto unafunguka hata kwa joto la mwili. Lisini nayo ina sehemu yake, kwa kuwa ndiyo inayofunga kamba moja na nyingine. Kimeng'enya chenye madini ya shaba hugeuza ncha za lisini ziweze kushikana zenyewe kwa zenyewe, na vifungo hivyo ndivyo vinavyoupa mshipa wa damu nguvu ya kuhimili mapigo ya moyo. Nyama ya ng'ombe mzee ni ngumu kutafuna kwa sababu vifungo hivyo hukomaa kadiri mnyama anavyokomaa.

Pwani yetu ina kumbukumbu ya ugonjwa huu. Vasco da Gama alipowasili Malindi Januari 1499 akitokea India, baada ya kuvuka bahari kwa karibu miezi mitatu, mabaharia wake wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa kiseyeye, na waliobaki waliomba machungwa.

Kwa nini tripsini hukata protini penye lisini?

Tripsini, kimeng'enya cha kongosho, kina mfuko mwembamba ambao chini kabisa umewekwa aspartati yenye chaji hasi. Mkono wa lisini, au wa arginini, huingia na kufika chini. Mikono mingine ni mifupi mno au haivutwi. Baada ya hapo mnyororo hukatwa. Maharage mabichi yana protini zinazoziba mfuko huo, na kuchemsha vizuri huziharibu.

Kwa nini tunalazimika kuila, na kwa kiasi gani?

Mimea na bakteria huitengeneza wenyewe. Binadamu na wanyama wengine hawana njia hiyo kabisa, wala hakuna asidi amino nyingine inayoweza kugeuzwa kuwa lisini mwilini. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani na wenzake ya mwaka 2007 ni miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku, hivyo mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 1,800. Mtoto anayekua anahitaji zaidi kwa kila kilo yake.

Je, ni kweli kwamba ugali hautoshi?

Peke yake, hautoshi. Thomas Osborne na Lafayette Mendel walionyesha mwaka 1914 kwamba panya waliolishwa zeini, protini kuu ya mahindi, hawakukua. Walipoongezewa asidi amino iitwayo triptofani waliacha kukonda, na walipoongezewa lisini pia wakaanza kukua. Zeini haina lisini karibu kabisa. Mahindi mazima yana protini nyingine kidogo, ndiyo maana hayako sifuri, lakini gramu 400 za unga kwa siku zitampa mtu mzima takriban nusu tu ya lisini anayohitaji. Gramu 100 za maharage makavu huleta takriban miligramu 1,500. Upungufu wa maharage ni asidi amino iitwayo methionini, na mahindi hayana shida nayo sana. Aliyechanganya makande kwa mara ya kwanza hakuwa na habari ya asidi amino, na bado hesabu yake ilikuwa sahihi. Njegere, kunde, dagaa, maziwa na mayai hufanya kazi hiyohiyo.

Njia nyingine ni kubadilisha mahindi yenyewe. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, wakiongozwa na Edwin Mertz, walitangaza kwamba mahindi yenye kasoro katika jeni iitwayo opaque-2 yana lisini karibu mara mbili ya mengine. Kasoro hiyo hupunguza zeini, na protini zenye lisini zikapata nafasi. Furaha haikudumu, kwa sababu punje zilikuwa laini kama chaki, zikashambuliwa na wadudu ghalani na kutoa mavuno hafifu. Surinder Vasal na Evangelina Villegas, wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano cha CIMMYT nchini Mexico, walitumia miaka mingi kuzirudishia ugumu bila kupoteza lisini, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Kutokana na kazi hiyo Tanzania ilipata aina za Lishe, na Uganda ikapata Longe 5.

Mkulima anapaswa kujua jambo moja ambalo mfuko wa mbegu hauelezi vya kutosha: sifa hii hujificha pale jeni ya kawaida inapokuwepo. Chavua ya shamba la jirani ikiingia, punje zilizopatikana kwa chavua hiyo hazina lisini ya ziada, na kwa macho mahindi yanaonekana yaleyale.

Vidonge vya lisini vinavyouzwa kwa ajili ya vidonda vya mdomoni vinafaa?

Hoja yake ni kwamba virusi vya herpesi, vinavyoleta vidonda hivyo, huhitaji arginini, na lisini hushindana nayo. Hoja ni nzuri. Ushahidi kutoka kwa wagonjwa ni dhaifu na unapingana. Anayekula maharage au samaki mara kwa mara hana upungufu wa kuzibwa na kidonge, na mwenye ugonjwa wa figo asivitumie bila kumwona daktari.

Kupika kunaharibu lisini?

Kuchemsha kunaiacha karibu yote. Kinachoiondoa ni joto kali na kavu pamoja na sukari. Ncha ya mkono wa lisini, ambayo imo ndani ya karibu kila jibu la ukurasa huu, huungana na sukari na kuzaa rangi ya kahawia na harufu ambayo Mfaransa Louis-Camille Maillard alianza kuieleza mwaka 1912. Tripsini haiwezi tena kuitambua lisini hiyo, na mwili hauwezi kuitumia. Maziwa ya unga yapo hatarini zaidi kuliko vyakula vingi, kwa kuwa yana lisini nyingi na sukari yake mwenyewe. Yakikaa muda mrefu kwenye stoo yenye joto hugeuka rangi pole pole. Madoa ya chapati na ganda la mkate ni alama zilezile. Hata ukoko wa chini ya sufuria, ambao nyumbani kwetu tuligombea, una lisini pungufu kuliko ugali mweupe ulioukalia, ingawa sidhani kama yupo aliyewahi kuukwangua kwa ajili ya protini.